Haki kwa Dola Sita

Hundi ilifika kwa posta wiki tano baadaye, ndani ya bahasha yenye kidirisha cha plastiki, mfano wa bili ya umeme. Dola 6. Ziliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kana kwamba kuna mtu angejisumbua kuzighushi. Niliibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye picha ya Fort Jesus, na kwa muda mrefu sikwenda kuitoa pesa. Usidhani nilikuwa na msimamo wowote. Kila nilipoitazama niliona aibu tu, na aibu ile haikuwa ya kaunti iliyoituma. Ilikuwa yangu.

Mwaka 2022, mwaka wa pili tangu niape uraia wa Marekani, niliitwa kuhudumu kwenye juri. Kwa mtu aliyekulia Likoni kama mimi, juri ni kitu cha sinema: watu kumi na wawili wamekaa pembeni mwa mahakama, nyuso zimekunjamana, wakili anapita mbele yao akipunga mikono. Kumbe si sinema. Huku, mtu akishtakiwa kwa kosa kubwa ana haki ya kuhukumiwa na raia wenzake. Jaji anaongoza kesi na kueleza sheria, lakini suala la hatia wanaliamua wao, wale kumi na wawili, wakiwa wamefungiwa chumbani na dhamiri zao. Majina yao yanaokotwa kwa bahati nasibu kutoka orodha za wapiga kura na za leseni za udereva. Kwa hiyo ukishaapa, ukajiandikisha kura, ukapata leseni, basi na wewe umo kwenye kapu.

Samansi ilikuwa na maneno ya heshima. Ilisema huduma hii ni miongoni mwa wajibu mkubwa kabisa wa raia. Chini yake, kwa maandishi madogo, ilinikumbusha kwamba nisipotokea naweza kutozwa faini. Sheria ya Texas inasema faini hiyo ni kuanzia dola 100 hadi dola 1,000. Nikitokea, malipo yangu ni dola 6 kwa siku ya kwanza na dola 40 kwa kila siku itakayofuata. Sikuelewa hesabu ile ilifanywa na nani. Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu 2009. Ina maana siku yangu nzima ya kuamua kama binadamu mwenzangu aende gerezani au arudi kwao ilikuwa na thamani ndogo kuliko saa moja ya kupiga deki.

Halafu kulikuwa na fomu. Hii sitaisahau. Kabla hujaketi, unapewa fomu inayouliza kama ungependa kutoa mchango malipo yako ya ujuri: kwa mfuko wa fidia kwa waathiriwa wa uhalifu, ama kwa huduma za watoto, na kadhalika. Yaani wamekupa sita, na kabla hujaziona wanakuuliza kama unazihitaji kweli. Mama mmoja kando yangu, sare ya hoteli bado mwilini, alicheka hadi akafuta machozi.

Tulikuwa sitini ndani ya ukumbi, kila mmoja na namba yake. Kesi ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeshtakiwa kwa kumjeruhi mtu. Alivaa shati jeupe lililomzidi mabega, bila shaka la kuazima. Alikuwa Mweusi. Mimi nilihesabu, kama sote tunavyohesabu tukiingia mahali, na kati yetu sitini niliona watu weusi saba, mimi nikiwamo. Jaji, mwanamke mpole mwenye miwani, alitueleza kwamba kesi ingechukua siku nne, pengine tano. Kisha akauliza kama kuna yeyote ambaye kuhudumu kungemletea ugumu mkubwa.

Hapo nikapiga hesabu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, nalipwa kwa saa, na nafanya zamu za usiku za saa kumi na mbili. Wiki ile nilikuwa na zamu tatu. Kwa dola 15 kwa saa, hizo ni dola 540 kabla ya kodi. Kukesha usiku nikiwageuza wazee vitandani, kisha asubuhi niketi kusikiliza ushahidi wa kumfunga mtu, nisingeweza, na hata kama ningeweza, wewe ungependa kuhukumiwa na mtu ambaye hajalala siku tatu? Sheria inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu ya juri. Haimlazimishi kukulipa. Mwajiri wangu alishaniambia, bila ubaya wowote, kwamba saa ambazo sijafanya ni saa ambazo hazilipwi. Upande wa pili wa mizani: dola 6 na 40 mara tatu, jumla 126. Maegesho ya gari karibu na mahakama yalikuwa dola 12 kwa siku. Zinabaki 78. Na Ijumaa ile ilikuwa siku ya kodi ya nyumba.

Nikainua namba yangu.

Sasa, sheria ya Texas ina jambo ambalo watu wengi hawalijui. Jaji haruhusiwi kumwachilia mtu kwa sababu ya kiuchumi mpaka pande zote za kesi ziwepo na zikubali. Kwa hiyo nilisogezwa mbele, nikaeleza mambo yangu ya nyumbani kwa sauti ya chini mbele ya watu nisiowajua, kodi na zamu na deni la gari, kama mtu anayeomba mkopo. Jaji akamgeukia mwendesha mashtaka. Hana pingamizi. Akamgeukia wakili wa yule kijana. Wakili akamnong'oneza mteja wake, kijana akanitazama mara moja, akainamisha kichwa. Hana pingamizi. Nikashukuru. Nilishukuru, hebu fikiria! Nikatoka na kumi wengine walioinua namba zao kwa sababu kama yangu: yule mama wa hoteli, dereva wa lori, fundi wa marumaru, msichana anayehudumu mkahawani na kuishi kwa bakshishi. Kati ya wale saba niliowahesabu, tulitoka wanne.

Waliobaki sina ubaya nao. Wengi walikuwa wastaafu, wahandisi, watu wa benki, walimu ambao mishahara yao haikatwi. Naamini walikaa, wakasikiliza, wakafanya walichoona ni haki. Lakini nikishuka ngazi za mahakama nilijua kwamba nimeshiriki katika uamuzi wa kesi ile hata kabla haijaanza. Mnyonge hana haki, tulizoea kuambiwa tangu utotoni. Sikujua kwamba hana hata nafasi ya kuitoa.

Baba yangu alikuwa kuli wa bandarini Kilindini. Kwa miaka mingi alikuwa kibarua, kabla hajapata ajira ya kudumu. Neno lenyewe lina asili yake: ni barua ndogo, kile kipande cha karatasi alichopewa mtu kuonyesha siku alizofanya kazi. Hakuna siku, hakuna kipande, hakuna posho. Nalisema hili kwa sababu baada ya siku ile nilianza kusoma, na katika kusoma nikakutana na makuli.

Kesi inaitwa Thiel dhidi ya Southern Pacific, iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946. Bwana Thiel aliruka kupitia dirisha la treni iliyokuwa inakwenda. Akaishtaki kampuni ya reli akidai kwamba watumishi wake walijua akili yake haikuwa sawa, wakamwacha apande bila uangalizi. Kesi ilisikilizwa San Francisco mbele ya juri, akashindwa. Lakini mawakili wake walikuwa wamegundua kitu. Karani wa mahakama na kamishna wa juri, walipokuwa wakitengeneza orodha ya majina, waliwaacha kwa makusudi watu wote wanaolipwa kwa siku. Vibarua wote. Karani alikiri waziwazi: akiona kitabuni jina la mtu, na mbele yake imeandikwa kuli wa bandarini, halitii jina hilo ndani, kwa kuwa uzoefu umemfundisha kwamba mtu huyo hatahudumu. Malipo ya juri wakati ule yalikuwa dola 4 kwa siku, na karani aliona ni kupoteza muda kumwita mtu ambaye jaji atamruhusu kwenda zake kwa sababu ya umaskini.

Nilisoma mstari ule wa kuli nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, saa tisa za usiku, nikamwona baba yangu.

Mahakama ikasema hapana. Jaji Frank Murphy aliandika kwamba juri haliwezi kuwa mali ya tabaka la wenye nacho, na kwamba kuwaondoa vibarua wote kwa mkupuo ni kulifanya juri chombo cha matajiri. Hukumu ikafutwa. Kama ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto. Lakini Murphy huyohuyo akaongeza kitu. Akasema jaji bado anaweza kumwachilia kibarua mmojammoja ambaye kuhudumu kutamletea dhiki kubwa ya fedha. Kwa hiyo karani hakuruhusiwa tena kuwafungia mlango vibarua wote kwa pamoja, ila mmojammoja wangeweza kutokea dirishani, kwa hiari yao wenyewe, tena kwa shukrani. Mimi ndiko nilikopitia.

Na zile dola nne? Kwa thamani ya fedha ya mwaka nilioitwa mimi, ni takriban dola 60. Malipo ambayo mwaka 1946 yalijulikana kwamba ni mzigo kwa mtu wa kulipwa kwa siku yalikuwa mara kumi ya yale niliyopewa mimi siku ya kwanza.

Nikiwaeleza watu haya, kuna wanaonijibu kwa neno uzalendo. Juri ni heshima, wanasema, ukiitia bei unaichafua. Mtu anayekaa pale kwa ajili ya pesa hawezi kuwa mwamuzi mwema. Wananikumbusha wazee waliotumikia nchi bila kuuliza watalipwa nini. Mimi huwauliza: katika ukumbi ule, ni nani mwingine aliyekuwa anajitolea? Jaji analipwa. Mwendesha mashtaka analipwa, na wakili wa utetezi analipwa. Karani, mkalimani, mpiga chapa wa kumbukumbu, askari wa mlangoni anayekuvua mkanda, wote wana mishahara, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mshahara wa jaji umechafua hukumu. Kinyume chake, tunasema alipwe vizuri ili asinunulike. Ila tukifika kwa wale kumi na wawili, ambao uamuzi wenyewe uko mikononi mwao, ghafla pesa inakuwa najisi.

Malalamiko haya ni ya kale, kwa kweli. Pericles ndiye aliyeanzisha malipo kwa wanajuri wa Athene, karne ya tano kabla ya Kristo, na baadaye Cleon akayapandisha kufikia oboli tatu kwa siku. Aristophanes akaandika tamthilia nzima, Nyigu, ya kuwacheka wazee maskini wanaoamka alfajiri kukimbilia mahakamani kwa ajili ya oboli zao. Watu waliicheka tamthilia ile nadhani kwa sababu ilikuwa na ukweli. Lakini wazee wale walikuwa wamekaa. Maskini wa Athene, mradi awe raia na mwanamume (mtumwa na mwanamke hawakuwamo kabisa, tusisahau), alikuwa kitini akisikiliza, tajiri amesimama mbele yake akijitetea. Hilo ndilo lililowakera waungwana. Oboli tatu zilikuwa kisingizio.

Wapo pia wanaosema pesa hazipo. Massachusetts imepata njia: mwajiri anakulipa mshahara wako wa kawaida kwa siku tatu za kwanza, kisha jimbo linakulipa dola 50 kwa siku. Colorado nayo ina utaratibu unaokaribiana na huo. England wanarudisha nauli na chakula, na kufidia sehemu ya kipato kilichopotea hadi kikomo fulani, ambacho nacho ni kidogo. Na San Francisco, mji uleule wa karani asiyetaka makuli, mwaka 2022 ulianza jaribio la kuwalipa dola 100 kwa siku wanajuri wenye kipato kidogo. Mwaka uleule ambao mimi nililipwa sita. Sidai kwamba dola mia ni utajiri katika mji ule, ambako haitoshi hata chumba cha usiku mmoja. Nasema tu kwamba imewezekana.

Sasa najua msomaji wa Nairobi au Dodoma anajiuliza haya yanamhusu nini. Kwetu hakuna juri. Kenya ya kikoloni ilikuwa nalo, la Wazungu peke yao: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na Wazungu wenzake, Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji kwa lolote. Juri likaondoka, wazee wa baraza wakabaki hadi 2007, sheria ikawafuta nao. Tanzania wamedumu zaidi, ingawa tangu 2022 si lazima tena kwa Mahakama Kuu kusikiliza kesi ya jinai pamoja nao. Kwa hiyo ndiyo, kiti cha mwanajuri hatuna. Lakini kipo kiti kingine ambacho mahakama zetu haziwezi kufanya kazi bila ya mwananchi wa kawaida kukikalia, nacho ni kizimba cha shahidi.

Mamangu huuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, meza moja chini ya mwarobaini. Miaka kadhaa nyuma, vijana wawili walivamia kibanda cha M-Pesa kilichopakana na meza yake, wakampiga binti aliyekuwa ndani, wakamvunja mkono. Mama aliwaona vizuri. Mmoja alikuwa mteja wake. Polisi wakaandika maelezo yake, akaitwa mahakamani kuwa shahidi.

Alikwenda mara ya kwanza, hakimu hakuwapo. Mara ya pili, faili halikuonekana. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, ikatangazwa kwamba wakili wa mmoja wa washtakiwa ni mgonjwa. Mara ya nne mwendesha mashtaka alikuwa mpya, akaomba muda aisome kesi. Kivuko cha Likoni ni bure kwa mtu wa miguu, lakini matatu si bure, kwenda na kurudi ni shilingi 200, na siku ya mahakama ni siku bila mahamri. Unga ulishakandwa usiku, mara ya kwanza aliugawa kwa majirani. Hizo zingine hakukanda kabisa. Hakuna siku hata moja aliyorudishiwa nauli. Aliuliza mara moja, karani akamwambia alete risiti. Risiti ya matatu!

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inasema mahakama inaweza kuamuru serikali imlipe shahidi gharama zake za haki. Inaweza. Neno hilo dogo ndilo limekula nauli za watu tangu enzi ya mkoloni, kwa sababu kinachowezekana hakimdai mtu yeyote. Anayeinyima pesa ile haivunji sheria, na mama mwenye meza ya mahamri hatasimama mbele ya hakimu kusema, mheshimiwa, naomba utumie uwezo wako chini ya kifungu fulani.

Mara ya tano hakwenda. Mashahidi wengine nao walishachoka. Kesi ikaanguka kwa kukosa ushahidi, na vijana wale wakarudi mtaani. Yule aliyekuwa mteja alirudi kununua mahamri, na mama akamuuzia, afanyeje? Yule binti mkono wake ulipona vibaya, haunyooki. Akipita, mama humsalimia kwanza, mkubwa kumwanza mdogo, jambo ambalo si la kwetu.

Nilipompigia simu kumweleza kisa changu cha juri, nilimpa shikamoo, akaitikia, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, «Mwanangu, mahakama ni ya wenye nauli.» Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekwambia bei ya unga.

Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia hili ni suala la posho. Posho ni neno tunalolidharau, na tuna haki, tumewaona waheshimiwa wakilipwa posho ya kukaa kwenye viti ambavyo tayari wanalipwa mshahara kuvikalia. Lakini kumrudishia mtu alichotumia si kumpa kitu. Ni kutomwibia. Serikali inapomwamuru raia aache kazi, apande gari, alete chakula chake, amwache mtoto wake kwa jirani, aje aifanyie kazi ambayo yenyewe haiwezi kuifanya, kisha ikamwacha abebe gharama, imemtoza kodi. Kodi hiyo ni ya ajabu, kwa sababu mhandisi wa mshahara hailipi kabisa, na msichana wa mkahawani anailipa kwa kodi ya nyumba yake. Na tofauti na kodi nyingine, asiyeweza kuilipa anaruhusiwa kwenda nyumbani, akiacha haki mikononi mwa wanaoweza.

Ninachodai hakihitaji tume wala kongamano hotelini. Huku niliko, mwanajuri alipwe mshahara anaoupoteza, na asiye na mshahara alipwe kiwango ambacho mtu anaweza kukiishi, na maegesho au basi vilipwe kabla, si kwa hundi ya wiki tano. Mwenye mtoto mdogo alipiwe wa kumwangalia. Nyumbani, shahidi akifika mahakamani atumiwe nauli yake na fidia ya siku yake kabla hajatoka getini, kesi iendelee au iahirishwe, na hasa ikiahirishwa, ili kila kuahirisha kuwe na gharama kwa anayeahirisha. Msiniambie haiwezekani. Mahakama zetu zinapokea faini na dhamana kwa simu, ndani ya sekunde, na ujumbe wa kuthibitisha juu. Simu ile inayopokea inajua pia kutuma.

Texas imepandisha malipo, nisije nikasemwa kwamba nimeficha. Tangu Septemba 2023 ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kwa kila siku inayofuata. Ni hatua, na kuna watu waliipigania, nawapa heshima yao. Kwa kesi ya siku nne ni dola 194. Zamu zangu tatu sasa ni 612.

Najua hesabu hiyo kwa sababu mwezi uliopita samansi nyingine imekuja. Nimeibandika kwenye friji, chini ya sumaku ileile, pale ilipokuwa hundi. (Hundi niliitoa pesa hatimaye, kwa kuipiga picha na simu, nikanunua galoni moja ya petroli na chenji ikabaki.) Ya yule kijana wa shati la kuazima sikuwahi kujua yaliishaje. Ningeweza kutafuta, kumbukumbu za kesi ziko wazi kwa umma, jina lake nalikumbuka. Sijatafuta.

Ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Zamu mbili nimebadilishana na Mnigeria mmoja tunayefanya naye kazi, nitamlipa kwa Krismasi yangu. Ya tatu bado sijapata mtu.